Nati Tatu za Shaba na Jina la Dubow

Hii ni wiki ya tatu tangu nistaafu, nirudishe funguo za gari na kuweka sahihi kwamba sanduku la vifaa limepokelewa likiwa kamili. Vijana wa karakana yetu ya visima hapa Garissa waliniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Mimi sisahau, lakini nitaandika. Vyeo nitaviruka. Aliyetaka kuvijua alikuwa akivisoma mlangoni pangu.

Nilizaliwa kwenye kambi ya ngamia upande wa Modogashe, na chuma cha kwanza nilichokijua kwa karibu ni cha malori yaliyoharibika pale njia panda. Shule nilijipeleka mwenyewe. Chuo cha ufundi nilikilipia kwa kubeba magunia. Nina diploma moja, ya mitambo, na sijawahi kuionea haya. Wenye digrii walikuja ofisini kwetu wengi, vijana wazuri, na karibu wote niliwaonyesha mimi jinsi ya kuweka sikio kwenye mpini wa bisibisi na ncha yake kwenye injini, ili wasikie beringi inayokaribia kufa. Katika visima vyote kuanzia Masalani hadi mpaka wa Wajir, sijakutana na fundi aliyenishinda kusikia injini. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na waliokuwepo wako hai.

Baada ya chuo nilikwenda Ghuba, kwenye mtambo mkubwa wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Siku ya kwanza nilijitayarisha kufungua pampu. Fundi mkuu wa zamu yetu, Msudani mmoja mzee tuliyemwita Usta Idrisi, alinipa brashi ya waya na kitambaa, akaniambia nisifungue chochote. Nisafishe bolti za mstari mzima wa pampu na kuziangalia. Nilisafisha bolti kutoka asubuhi mpaka adhuhuri huku nikimchukia. Jioni aliniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia nimeona bolti. Akasema, "Basi kesho utaziona tena."

Siku ya tatu ndipo nilipoona. Bolti moja ya chuma kisichoshika kutu ilikuwa inang'aa kama sarafu mpya, lakini chini ya kichwa chake palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele. Usta aliigonga kidogo kwa nyundo na kichwa kikaruka. Nilidhani kuna mtu ameiharibu. Akacheka bila sauti, kama kawaida yake.

"Hakuna mtu hapa, yaa Hirsi. Imevutwa, na imekaa kwenye chumvi ya moto. Ingevutwa peke yake ingekuwa hai. Ingekaa kwenye chumvi peke yake ingekuwa hai. Mbili hizo zimekutana."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Niliporudi Kenya, watu wa nyumbani walitegemea nirudi na gari. Nilirudi na sanduku la spana ambalo kuli wa uwanja wa ndege alikataa kulibeba. Maneno ya Usta nilirudi nayo pia, ila niliyaweka chini kabisa, chini ya spana.

Kazi yangu Garissa ilikuwa kutengeneza injini na pampu za visima vya mbali. Barabara zetu mnazijua. Nati inayokazwa kwa adabu mjini inafika visima vya Fafi ikiwa imelegea, na injini yenyewe inapotetemeka mchana kutwa inamalizia kazi. Kwa hiyo nilijijengea desturi yangu. Nilikuwa na kipande cha bomba cha urefu wa mkono, nakivika kwenye mpini wa spana, naongeza robo mzunguko baada ya pale ambapo mtu mwingine angeacha. Nati niliyoikaza haikuvuja. Wahudumu wa visima walikuwa wakisema, "Hii iko nati ya Injinia Hirsi, usiguse." Mimi si injinia, ni fundi sanifu, lakini sikuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Sasa nifike kwenye kisima cha Dubow.

Kilikuwa huko Fafi, mbele ya Bura, ndani kabisa, kisima pekee chenye maji matamu katika eneo lile. Dubow alikuwa mhudumu wake kwa miaka kumi na moja: mtu mwembamba, mpole, mwenye ndevu za hina, anayeijua injini yake kama mtu anavyomjua ngamia wake wa maziwa. Mwenyekiti wa kamati ya kisima alikuwa Mzee Bare, mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa haki lakini mwepesi wa shaka. Huku kwetu ufunguo wa chumba cha injini ni amana. Wakati wa ukame, mwenye ufunguo ndiye mwenye maisha ya watu mkononi, na hapewi mtu ambaye jina lake lina doa.

Mwaka huo mvua mbili zilikosa. Nilikwenda pale nikafunga bomba jipya la mafuta kutoka kwenye tangi hadi kwenye chujio, bomba la shaba nyekundu na nati za shaba ya manjano, ile iliyochanganywa na zinki. Nikazikaza kwa mtindo wangu. Nilipoondoka mabirika ya kunyweshea mifugo yalikuwa yamejaa, na akina mama wa kambini walinipa maziwa ya safari.

Baada ya wiki tatu Dubow akapiga simu.

"Injinia, maji imesimama. Nati imebasuka, dizeli iko chini yote. Ngamia iko hapa kama mia mbili, na wengine nasikia wako njiani."

Nilikwenda. Nati ilikuwa na ufa wa moja kwa moja, kutoka mdomo mpaka chini. Nikalaumu nati yenyewe, nikaweka nyingine, nikaongeza robo mzunguko na kidogo zaidi. Haikupita mwezi, mbili zikapasuka kwa pamoja. Injini ilisimama siku moja na nusu. Ng'ombe walikufa mbele ya birika kavu, na mbuzi sikuwahesabu. Dizeli iliyopotea ilikuwa nyingi kuliko ile iliyoonekana sakafuni, kwa sababu sakafu ilikuwa ya udongo na udongo unakunywa. Mzee Bare hakufikiria udongo. Alifikiria malori.

"Hirsi, wewe ni mtu umesoma," aliniambia akiwa amenishika kiwiko na kunipeleka pembeni. "Lori inabita hapa usiku. Mtu anafungua kidogo, anauza kidogo, halafu anabasua nati ndio ionekane imeharibika. Hiyo haiwezekani?"

Nikaichukua nati mkononi. Nati ya shaba ikivutwa mpaka ikatike, hunyooka kwanza, hubadilika umbo. Hii haikuwa imenyooka hata kidogo. Ilikuwa imepasuka kama kikombe cha udongo. Na nati yangu mimi, niliyoikaza kwa mkono wangu, ingepasukaje hivi bila kupigwa patasi? Hivyo ndivyo nilivyojiuliza, na swali lenyewe lilikuwa na jibu tayari ndani yake. Niliandika ripoti kwa Kiswahili safi: nati zimepasuliwa kwa makusudi, kwa kifaa chenye makali. Nikaweka sahihi na muhuri.

Ripoti ilisomwa mbele ya kamati na wazee, na mmoja wao akawa anaigeuza kwa Kisomali sentensi baada ya sentensi. Dubow alisikiliza akiwa ameketi mchangani. Ilipokwisha, hakumtazama Bare. Alinitazama mimi.

"Adeer Hirsi, wewe umesoma chuma. Mimi nimelala na hii chuma miaka kumi na moja. Wallahi sikuigusa."

Adeer ni baba mdogo. Aliniita hivyo ingawa tulikuwa rika moja, kwa heshima, na heshima ile ilinikaa vibaya. Wazee walimpa mpaka Ijumaa ya pili, na mpaka siku hiyo Bare akauvaa ufunguo shingoni. Akishindwa kuonyesha ni nani aliyezipasua, ufunguo ungekwenda kwa mwingine, na hakuna mtu wa nyumba yake ambaye angeshika tena amana ya watu. Alikuwa na wana watatu wakubwa.

Nilirudi Garissa na zile nati zote tatu kwenye mfuko wa shati, kama ushahidi. Niliziosha kwa mafuta ya taa ili zikae vizuri kwenye faili, maana mimi ni mtu wa kazi safi. Ilipokauka ya kwanza nikaona kando ya ufa mkubwa kuna nyufa nyingine ndogo, saba au nane, zimeanzia nje zikaishia katikati ya chuma, nyingine zimegawanyika kama mizizi ya nyasi. Nikachukua lenzi. Nati ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu pia, na kwenye mdomo wake palikuwa na ukungu wa rangi ya buluu.

Patasi hukata mara moja. Haina subira ya kuanza nyufa nane na kuziacha katikati.

Nilikaa kwenye benchi ya karakana na lenzi mkononi, na Usta Idrisi akanijia akilini, brashi na kitambaa na bolti inayong'aa. Imevutwa. Zimekutana. Kuvutwa nilikujua: ni mkono wangu na kipande changu cha bomba. Lakini Fafi hakuna chumvi ya moto, na maji ya kisima kile hayakuwa yakigusa bomba la dizeli. Kuvutwa kulikutana na nini?

Jibu lilikuja kupitia puani. Nilikumbuka kwamba mara zote mbili nilipoingia chumba kile kubadilisha nati, macho yalinitoka machozi. Dubow alikuwa ameruhusu mbuzi dhaifu na watoto wao walale mle ndani, wale wa wajane hasa, kwa sababu fisi walikuwa wamekuwa wakali na ukuta wa injini ulikuwa ndio ukuta pekee. Mbuzi arobaini ndani ya chumba cha mabati bila dirisha. Mkojo wao ulikuwa umelowesha mchanga kwa miezi, na mkojo uliooza hutoa amonia.

Vijana, hapa msome polepole, kwa maana ndipo penye kazi yetu. Shaba imekaa ndani ya ngozi nyembamba sana ambayo inajitengenezea yenyewe hewani. Ngozi ile ndiyo inayoikinga. Amonia, ikiwa na unyevu na hewa, huyeyusha shaba, lakini juu ya nati iliyotulia hufanya kazi hiyo polepole, inaichafua rangi tu, kwa sababu ngozi inajifunga tena kila inapoliwa. Nati iliyokazwa kupita kiasi haijatulia. Imevimba kwa nguvu kutoka ndani, uso wake umenyooshwa kama ngozi ya ngoma. Mahali padogo pakifunguka, shaba tupu inatokea na amonia inaingia. Kisha nguvu yote ya mkazo hukusanyika kwenye ncha ya ufa, inaivuta ncha, inaifungua tena kabla ngozi mpya haijawahi kufunga. Mkazo unaifungulia kemikali njia, na kemikali inaurefushia mkazo ufa. Hakuna anayeonekana akifanya kazi. Siku moja unakuta nati imekuwa vipande viwili.

Siku mbili sikumwambia mtu. Ningeweza kunyamaza, hakuna katika ofisi yetu aliyekuwa na lenzi, wala aliyekuwa na hamu. Nasema hivi bila kujisifu, na mnajua kujisifu si jambo linalonishinda: siku ya tatu niliwasha gari.

Sikwenda na maelezo. Wazee wa Fafi wameshasikia maelezo mengi kutoka kwa watu wa ofisi. Nilikwenda na viungo vitatu vya shaba, kila kimoja na nati yake mpya, na debe lenye mfuniko wa kubana. Nikawaomba kamati na Dubow wakae, nikafanya mbele yao. Nati ya kwanza niliikaza kwa kipande changu cha bomba, robo mzunguko na kidogo zaidi, nikaitia alama moja kwa tupa. Ya pili niliifunga kwa vidole tu, alama mbili. Ya tatu niliikaza sawasawa na ya kwanza, alama tatu. Nikamwomba Dubow achimbe udongo wa chumba cha injini, ule wa chini uliolowa, ajaze debe nusu. Ya kwanza na ya pili tukazitundika ndani kwa waya, juu ya udongo, zisiuguse. Ya tatu nikampa Mzee Bare mkononi.

"Hii uiweke kwako, mahali pakavu. Na debe lifungwe kwa kufuli yako, ufunguo wake ukae nawe."

Bare aliigeuza ile nati. "Sasa unataka kusema ni mbuzi amebasua chuma?"

"Sijasema kitu. Tutafungua Alhamisi."

"Mbuzi," akasema tena, akiwatazama wenzake, na wazee wakacheka, mmoja mpaka akafuta macho kwa shuka. "Haye. Tumwite mbuzi aape."

Dubow hakucheka. Tulipokuwa tukielekea garini akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na kama haibasuki?"

"Basi nitakuwa nimekukosea mara mbili."

"Ya kwanza ni ipi?"

Nikapanda gari. Niliogopa kusema jambo ambalo lilikuwa bado limefungwa ndani ya debe.

Siku sita nilikaa Bura nikitengeneza pampu ya mkono ambayo ilihitaji siku moja. Alhamisi asubuhi kamati yote ilikuwepo, na watu wengine wengi zaidi ya kamati, maana habari ya mbuzi kuapishwa ilikuwa imefika kambi zote. Bare alifungua kufuli mwenyewe. Harufu iliwarudisha watu hatua tatu. Nikatoa nati ya alama mbili kwanza, ile ya vidole. Ilikuwa imegeuka rangi, nyeusi na buluu kidogo, mbaya kuitazama, lakini nzima. Nikamkabidhi mzee wa karibu aipitishe. Kisha nikatoa ya alama moja. Ilikuwa na ufa kutoka mdomo mpaka chini, na nilipoishika ikafunguka mkononi mwangu kama ganda la karanga.

Bare akaingiza mkono kwenye koti lake akatoa ya alama tatu.

"Hii ilikuwa ndani ya kabati yangu, na nguo," akasema. Akaikagua, akaipeleka karibu na macho. "Hii ni nzima. Na hii umekaza sawa na ile?"

"Sawa na ile. Mliniona."

"Kwa hivyo sio mbuzi beke yake."

"Siyo mbuzi peke yake. Harufu ya mbuzi inakula shaba iliyovutwa. Isiyovutwa inaichafua tu. Na iliyovutwa bila harufu, ndiyo hiyo umeishika."

"Na iliyo kwa injini ilivutwa na nani?"

Alikuwa anajua. Kila mtu pale alikuwa anajua, kwa sababu miaka mingi nilikuwa nimewafundisha wote kuzijua nati zangu.

"Nilizivuta mimi," nikasema.

Kwetu, mtu akivunjiwa heshima kwa neno hudai haal, fidia ya jina. Wazee hawakuchukua muda mrefu. Waliamua nimpe Dubow ngamia jike mchanga. Pia waliamua mbuzi wajengewe kibanda cha miba upande wa pili wa mabirika, na Bare akasema miba ataileta yeye. Dubow aliulizwa kama ameridhika.

"Ngamia nitabokea," akasema. "Lakini mimi sikutukanwa na ngamia. Nilitukanwa na karatasi."

Kwa hiyo niliandika nyingine palepale, juu ya boneti ya gari. Ile ya kwanza ilikuwa imesomwa kwa Kiswahili na kugeuzwa na mtu mwingine. Hii aliitaka kwa Kisomali, na niisome mwenyewe, nikiwa nimesimama mahali ilipokuwa imesomwa ya kwanza. Nilisoma kwamba nati hazikupasuliwa na mtu. Nilisoma kwamba zilikazwa kupita kiasi na Hirsi, fundi sanifu, katika chumba chenye amonia, na kwamba mhudumu hana kosa. Nimesoma ripoti nyingi maishani mwangu, mbele ya wakubwa wengi. Hiyo ilikuwa na mistari sita, na wa nne niliusoma haraka mno. Nikaanza tena mstari ule mpaka nikaumaliza.

Bare akauvua ufunguo wa chumba cha injini shingoni mwake akampa Dubow.

Tulifunga bomba upya mchana ule, nati mpya, mlango ukiwa wazi na mchanga wa zamani umeshatolewa kwa majembe. Nilishika spana kwa mazoea. Dubow akanyoosha mkono, nami nikampa. Aliifunga nati ya kwanza kwa vidole, akaikaza kwa spana fupi bila kukunja uso, akasimama mapema sana, mapema kuliko ambavyo mimi ningesimama maisha yangu yote. Akapitisha kidole chini yake kutafuta unyevu wa dizeli. Hapakuwa na unyevu. Kisha akanitazama, akingoja kuona kama nina la kuongeza.

Nikaingiza mikono yote miwili mfukoni. Dubow akainama na kuanza nati ya pili.